Je, wajua kwa nini Kanisa la kwanza liliandikisha wajane waliotimiza miaka 60?

Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5 aya ya 9, kuna agizo ambalo wasomaji wengi wa Biblia hulipita bila kusimama: mjane asiandikwe isipokuwa awe ametimiza umri wa miaka 60. Agizo hilo linaonyesha kwamba palikuwa na daftari, kwamba daftari lenyewe lilikuwa na masharti, na kwamba aliyeingizwa humo alitazamwa na kusanyiko zima kwa mahitaji yake. Mtumishi wa umma wa Tanzania, ambaye kwa sheria hustaafu kwa lazima akiwa na umri huohuo wa miaka 60, huenda akatabasamu kidogo anapokutana na tarakimu hiyo. Kulingana huko ni sadfa tu, lakini swali linalozaliwa hapo si la mzaha. Kwa nini watu waliofundishwa wasisumbukie ya kesho walijipa kazi ya kutunza orodha ya wazee wasio na kipato, na orodha hiyo ina nini cha kumwambia mzee wa leo anayekesha akipiga hesabu za madeni?

Jibu linaanzia Yerusalemu. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba wanafunzi walipoongezeka, Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika juu ya Waebrania kwa sababu wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, yaani ugawaji wa chakula. Mitume hawakuwaambia wajane hao wavumilie, wala hawakuwaahidi karamu mbinguni ili wanyamaze. Waliitisha mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kusimamia jambo hilo, na majina ya waliochaguliwa, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Wafafanuzi wengi huona humo busara ya makusudi: usimamizi wa chakula ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika. Kwa hiyo manung'uniko ya wazee wasio na riziki yanahesabiwa miongoni mwa sababu za kwanza kabisa za Kanisa kujipangia uongozi, jambo ambalo kwa maoni yangu halihubiriwi vya kutosha.

Daftari linalotajwa katika waraka kwa Timotheo ni mwendelezo wa utaratibu huo, na masharti yake yanaonyesha kwamba waliolitunza walikuwa na fungu dogo na wahitaji wengi. Waraka unawataka wajane vijana waolewe, kwa kuwa bado wana nafasi ya kuanza maisha mapya, ilhali aliyefika miaka 60 bila mume, bila mtoto na bila mali hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Tena kabla ya kusanyiko kuguswa, watoto na wajukuu walitakiwa kuwatunza wazazi wao kwanza, na aya ya 8 inasema kwa ukali kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wale wa nyumbani mwake, ameikana imani. Aya ya 16 inamalizia hoja: wenye wajane wawasaidie wenyewe, Kanisa lisilemewe, ili liweze kuwasaidia wale walio wajane kweli kweli.

Utaratibu huo haukufia katika waraka. Mwishoni mwa karne ya 2 Tertulliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi ya leo ya Tunisia, aliwaeleza wapagani kwamba Wakristo hutoa mchango kila mwezi, kila mtu kwa hiari na kadiri awezavyo, na kwamba fedha hiyo hulisha na kuzika maskini, husaidia yatima, na huwafikia wazee wasioweza tena kutoka nyumbani. Mnamo mwaka 251 hivi, Kornelio, askofu wa Roma, aliandika katika barua kwamba Kanisa la mji huo lilikuwa likiwatunza wajane na watu wenye dhiki zaidi ya 1,500. Hayo yalifanyika wakati Ukristo haujaruhusiwa kisheria katika dola ya Kirumi.

Sasa tumtazame mstaafu wa leo. Anayetoka kazini katika ajira rasmi hupokea sehemu ya mafao yake kwa mkupuo na iliyobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi, na mabishano makali yaliyozuka Tanzania mwaka 2018 kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, yalikuwa juu ya ukubwa wa mkupuo huo. Mkupuo ndio unaobeba matumaini yote: kumalizia nyumba iliyosimama kwenye linta, kulipa mkopo wa benki, kumsogeza mtoto wa mwisho chuoni. Ukiisha, na mara nyingi huisha upesi, hubaki pensheni isiyokua kwa kasi ya bei ya dawa. Mkulima, mvuvi na mama lishe hawana hata hiyo pensheni. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya imewapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Ni msaada wa kweli, ila hauondoi hofu ya kulazwa hospitali ghafla.

Hofu ya fedha ina tabia moja inayoitofautisha na dhiki nyingine, nayo ni kuikamata akili yote. Watafiti waliowapima wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, walibaini kwamba mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya mavuno, akiwa amebanwa, kuliko baada ya mavuno, akiwa na fedha mkononi. Mzee anayesahau sufuria jikoni kwa kuwa anawaza ada ya mjukuu haelekei lazima kwenye ugonjwa wa usahaulifu. Yawezekana kichwa chake kimejaa tu. Hapa ndipo sala ya kila siku inapofanya kazi ambayo hata asiyeamini anaweza kuiona. Sala ya Bwana huomba mkate wa leo, haiombi wa mwaka mzima, na Mathayo 6:34 inasema kwamba kesho itajisumbukia yenyewe. Maneno hayo hayaleti fedha. Yanaupa wasiwasi mpaka wa siku moja, na siku moja hubebeka.

Faraja ya pili iko katika ruhusa ya kulalamika. Zaburi ya 71 ni sala ya mtu mwenye mvi, na aya ya 9 haifichi kitu: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mzee aliyezoea kuwa yeye ndiye mtoaji, aliyesomesha wadogo zake na kuchangia kila harusi ya ukoo, huona aibu kusema kwamba sasa anaogopa. Anapokuta hofu yake imekwisha kuandikwa na kuimbwa katika kitabu kitakatifu, huacha kuidhania kuwa ni upungufu wa imani. Isaya 46:4 inamjibu kwa ahadi ya Mungu ya kuwachukua watu wake hata wakati wa mvi, na ahadi hiyo ni ya kubebwa. Haitaji utajiri popote.

Ni lazima hapo hapo niseme kwamba Zaburi ya 37:25 hutumiwa vibaya mara nyingi. Mwandishi wake anasema alikuwa kijana na sasa ni mzee, lakini hajamwona mwenye haki ameachwa, wala mzao wake akiomba chakula. Huo ni ushuhuda wa mtu mmoja juu ya aliyoyaona, na ni ushuhuda mzuri, ila ukigeuzwa kuwa kanuni humchapa mzee aliyekosa chakula kwa fimbo mbili, njaa na tuhuma ya kwamba huenda hakuwa mwenye haki. Ayubu aliteswa na marafiki waliofikiri hivyo hivyo, na mwishoni mwa kitabu chake Mungu anawakasirikia wao. Hali kadhalika Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," hubandikwa kwenye magari na kanga bila aya inayofuata, ambamo Paulo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki naye katika dhiki yake. Aliyejifunza kuwa radhi na hali yoyote alikuwa pia akipokea msaada, tena si mara moja, na hakuona kwamba kupokea kunaifuta imani yake.

Kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki, mahali ambapo faraja hiyo hupata sura ya watu ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970. Jumamosi asubuhi mjini Dar es Salaam, jua likiwa halijawa kali, utawakuta watu kumi au ishirini barazani kwa mmoja wao, wengine kwenye viti vya plastiki na wengine mkekani. Injili ya Jumapili husomwa, kila anayependa husema neno, kisha hufuata nia za sala. Ni nadra mzee kutamka kwamba hana hela. Atasema, "Tumwombee mama yenu kule nyumbani, presha imepanda na dawa zimemwishia," na wote watajibu kama walivyozoea kumwomba Bwana awasikie, huku kila mmoja akiwa amesikia pia sehemu ya pili ya sentensi. Baada ya baraka, mweka hazina na mama mmoja au wawili huonekana wakinong'onezana pembeni, na kabla ya jioni mtu atakuwa amepita kwa mzee na kifuko cha duka la dawa.

Katika sharika nyingi za Kilutheri, hasa vijijini Kilimanjaro na Kagera, ibada ya Jumapili hufuatwa na mnada nje ya kanisa. Asiye na noti huleta alichonacho, mayai, mkungu wa ndizi, kuku au fungu la maharage, na wenye fedha huvinunua kwa kushindana bei, wakati mwingine kupita bei ya sokoni. Mjane aliyeleta mayai matano hutoka amemtolea Mungu sawa na mwenye duka, na hutokea mnunuzi akakabidhi alichonunua kwa bibi aliyekaa kivulini, mbele ya watu wote na kwa kicheko. Naupenda utaratibu huo kwa sababu unamwacha mzee abaki mtoaji.

Hata hivyo kuna jambo linaloumiza. Daftari la Timotheo lilikuwa la wanaopokea, ilhali madaftari mengi ya makanisa yetu ni ya wanaodaiwa: ujenzi wa ukumbi, gari la mchungaji, sikukuu ya mavuno, bahasha yenye namba. Wapo wazee walioacha kwenda ibadani kwa kuogopa orodha ya wasiomaliza michango kusomwa mbele ya watu, na wapo wanaokopa ili walipe, wakihofia kwamba siku ya mazishi yao hapatakuwa na wa kuwasomea sala. Baya zaidi ni pale mstaafu mwenye mkupuo mkononi anapoambiwa apande mbegu ili avune maradufu. Anayehubiri hivyo hupenda kumtaja mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina, katika Marko sura ya 12, lakini huiruka aya ya 40 iliyo karibu mno na kisa hicho, ambamo Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Katika Marko 7 anawashutumu pia waliotaja mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakapata kisingizio cha kutowasaidia baba na mama. Kijana anayetoa sadaka kubwa huku mama yake akikosa dawa hana haja ya mfafanuzi wa sura hiyo.

Kwa mzee mwenye deni, kisa chenye manufaa zaidi kiko katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii, yaani wanafunzi wa manabii, anamlilia nabii Elisha kwamba anayemdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani, naye anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Anaagizwa aazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, wala si vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yanakoma vyombo vinapokwisha, na hapo Elisha anampa mpango mfupi wa fedha: auze mafuta, alipe deni kwanza, yeye na wanawe waishi kwa yatakayosalia. Mjane huyo alianza kwa kusema wazi anadaiwa na nani na atapoteza nini. Kisha alipita mlango kwa mlango akiazima, kwa hiyo kabla ya muujiza majirani wote walikwisha kujua kwamba kwake kuna shida.