"Neno" la Regeksi Si Neno la Kiswahili

Regeksi ni kanuni fupi ya alama inayoeleza umbo la maandishi yanayotafutwa, ili kompyuta ipitie matini ndefu na kuchomoa kila kipande chenye umbo hilo. Kinachonisukuma kuandika ni kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno hapa Lindi kwa vijana wanaojifunza programu, kwamba ukiandika \w+ umeiagiza kompyuta ikutolee maneno yote.

Jina lenyewe limeanza kupotosha mapema. Regeksi ni kifupi cha Kiingereza regular expression; wapo wanaoitafsiri "usemi wa kawaida", na msomaji akadhani ni jambo la kila siku. Mwaka 1951 mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, alikuwa akichunguza mitandao ya neva ambayo watafiti McCulloch na Pitts walikuwa wameieleza mwaka 1943, akahitaji jina la aina fulani ya mifuatano ya alama, akatumia neno regular. Katika andiko lake lililochapishwa mwaka 1956 aliwakaribisha wasomaji wapendekeze jina linaloeleza vizuri zaidi. Ukawaida aliokusudia ni wa kufuata kanuni. Mwaka 1968 Ken Thompson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alichapisha njia ya kutumia hesabu hiyo kutafutia maandishi, na tangu hapo jina limebaki lilivyo.

Kosa la pili ndilo linaloniumiza zaidi. Herufi w katika \w imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "neno", lakini inachokusanya ni herufi, tarakimu na mstari wa chini, yaani alama zilezile ambazo lugha za programu kama C huziruhusu katika majina ya vitu ndani ya programu. Alama ya + huagiza zichukuliwe zinazofuatana, moja au zaidi. Kwa kipimo hicho 2024 ni neno, bei_ya_korosho ni neno moja, ila Ng'apa, kata yetu ya hapa Lindi, inatoka vipande viwili: Ng na apa. Ng'ombe naye anakatwa vivyo hivyo. Ritifaa, yaani alama ya ' iliyo katika ng', katika Kiswahili si kituo cha kutenganisha maneno. Ni sehemu ya tahajia, nayo ndiyo inayotofautisha ng'oa, kutoa kitu kwa nguvu, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Anayehesabu maneno bila kulijua hilo, akiifuta ritifaa atapata ngoa mahali ambapo hakuna, na akiifanya mpaka wa maneno atapata "ombe", ambalo hakuna aliyeliandika.

Tena ritifaa ina sura zaidi ya moja: kuna iliyonyooka, ambayo hutoka kwenye kibodi nyingi za kompyuta, na kuna iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, hivyo kanuni inayofaa kwa matini zetu huzitaja zote mbili, na huzikubali pale tu zinapozungukwa na herufi pande zote:

[A-Za-z]+(?:['’][A-Za-z]+)*

Kijana aliyenionyesha orodha yake ya maneno kutoka kwenye matangazo ya minada ya korosho hakukosea kazi. Kanuni yake ilifanya kile hasa ilichoagizwa. Ningemwomba tu kwamba matokeo ya \w+ ayaite vipande vya alama, na asiyaite maneno mpaka ng'ombe atoke mzima.