Joomla ni "jumla" yetu wenyewe, alafu sisi ndo hatuijui

Juzi nilikuwa na wazee wa chama cha msingi upande wa Tandahimba, nikawaambia saiti yao nitaijenga kwa Joomla, programu ya kutengenezea na kuendeshea saiti, mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "mjukuu, hiyo ndo salfa mpya ya mwaka huu?" (salfa ni dawa ya mikorosho). Tulicheka wote. Ila njiani kurudi Mtwara nikawa nawaza, huyu mzee hana kosa lolote, mbona hata sisi tunaojiita watu wa kompyuta tumebeba mambo kibao ya uongo kuhusu hizi programu huria, zile za wazi kwa kila mtu, za kuendeshea saiti, na kibaya zaidi tunawafundisha wadogo zetu hivohivo.

Nimekusanya yale ya uongo ninayokutana nayo sana, hasa kwenye habari ya jamii ya watumiaji inavyoitangaza programu na kuiandikia maelezo. Naegemea Joomla kwa sababu ndo ninayoila nayo ugali.

"Si ni kampuni ya Wamarekani ile?"

Hapana, na hadithi yake ni tamu kidogo. Kabla ya Joomla kulikuwa na programu inaitwa Mambo (ndio, kama "mambo vipi"), ilitokea kwenye kampuni ya Miro ya Australia. Mwaka 2005 ikaundwa taasisi ya kuisimamia, waliokuwa wanaiandika wakaona mambo yanaamuliwa juu ya vichwa vyao, tarehe 17 Agosti 2005 wakaondoka kwa mpigo. Na hawakuondoka mikono mitupu, waliondoka na kodi yote (maandishi yanayoiendesha programu jamani, siyo kodi ya TRA), kwa sababu Mambo ilikuwa chini ya leseni ya GPL na GPL inamruhusu mtu yeyote kuchukua kazi na kuiendeleza kwa jina lingine. Septemba hiyohiyo ikatoka Joomla 1.0. Jina ni "jumla" yetu hii ya Kiswahili, ya wote kwa pamoja, ila imeandikwa kwa namna sikio la Mzungu linavyoisikia.

Hapo hapo kuna uongo mdogo naupenda, eti jina lilipigiwa kura na jamii. Ukweli ni kwamba watu waliombwa walete mapendekezo, wakaleta, alafu timu ikachagua jina ambalo halikuwemo kwenye mapendekezo. Kilichopigiwa kura ni nembo.

Leo kuna shirika lisilo la faida linaitwa Open Source Matters, limesajiliwa New York, linashika hela, jina na mambo ya kisheria. Kwahiyo ukisema Wamarekani umepatia kwenye cheti cha usajili tu. Kazi yenyewe ya kuandika kodi, kutafsiri, kuandika maelezo, kuandaa mikutano, inafanywa na watu wa kujitolea walioko nchi mbalimbali, na hakuna aliyeandika sheria kwamba mtu wa Mtwara asiwemo.

"Mimi siyo programa, nitachangia nini?"

Hii ndo inaniuma kuliko zote. Kikundi chetu cha Jumamosi cha kujifunza Joomla tupo saba, wanaoandika PHP (lugha iliyoandikiwa Joomla) ni wawili, na mmoja wa hao wawili ni mimi ambaye mambo mengi naibia ibia. Basi miaka miwili wale watano walikaa wanasubiri "wajue kwanza" ndo waanze kutoa mchango. Kujua nini?

Chukua mfano wa kupima marekebisho. Mtu akituma marekebisho kwenye kodi ya Joomla kule GitHub, saiti inapotunzwa kodi hiyo, hayaingii hivihivi kisa kaandika yeye. Kawaida yanatakiwa watu wawili tofauti na yeye wayajaribu kwenye saiti ya majaribio na waseme yamefanya kazi. Maelekezo ya kujaribu huwa yameandikwa hatua kwa hatua, bonyeza hapa, andika hiki, angalia kama kinatokea kile. Kuna kifaa cha kuweka ndani ya Joomla yenyewe kinachokusaidia kuvuta hayo marekebisho bila kugusa kodi. Sasa niambie, hapo PHP inahitajika wapi? Marekebisho mazima yanaweza kukaa foleni muda mrefu kwa kukosa tu mtu wa pili wa kusema "nimejaribu, ipo sawa".

Upande wa maelezo ndo kabisa, yani programa ndo mtu mbaya kuliko wote wa kuyaandika peke yake. Kuna dada kwenye kikundi anafanya kazi stationari, tulimpa mwongozo wetu tukamwambia afuate tu ulivyo, weka makala, weka picha. Akakwama kwenye picha. Sisi tukadhani kakosea yeye. Kumbe picha ya simu ilikuwa na MB 4, na PHP ikiwa haijaguswa inapokea faili la MB 2 tu, juu ya hapo inagoma. Mimi sijawahi kuliona tatizo hilo kwa sababu laptopu yangu nilishaipandisha hiyo namba siku nyingi nikasahau. Katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha wakulima) anayepiga picha za mnada wa korosho kwa simu angekwama palepale, angeona saiti mbovu, na asingetuambia, angeacha tu kuitumia. Dada yule akaongeza sentensi mbili kwenye mwongozo: punguza picha kwanza, na hivi ndivyo unavyopunguza kwenye simu. Huo ndo mchango mkubwa kuliko chochote nilichofanya mimi mwaka ule na sitanii.

"Maelezo ukishaandika umemaliza"

Niseme kosa langu mwenyewe hapa. Niliandika PDF moja ndefu ya Joomla 3, kurasa thelathini na kitu, skrinishoti kila ukurasa na mishale myekundu, nikaichapisha, nikaitia gamba la plastiki nikawagawia wateja kama kadi za harusi. Agosti 2021 ikatoka Joomla 4. Kule kwenye upande wa msimamizi menyu iliyokuwa juu ikahamia pembeni kushoto, sura yote ikabadilika. Nilipowahamisha wateja simu zikaanza, "mwalimu, hiyo menyu unayosema mbona siioni?", kila mmoja na kitabu changu mkononi, kitabu kinamdanganya na kina jina langu juu. Na kubaki Joomla 3 haikuwa suluhisho, msaada wake wa kawaida uliisha Agosti 2023.

Sasa hivi utaratibu ni toleo kubwa jipya kila baada ya miaka miwili hivi, 5 ilitoka Oktoba 2023 na 6 Oktoba 2025. Kwahiyo nimejifunza kuandika vipande vidogo vidogo, kila kipande kazi moja, juu kabisa naandika ni cha toleo gani na tarehe niliyokijaribu mara ya mwisho. Skrinishoti nimepunguza, mana picha ndo inazeeka haraka kuliko maneno. Sentensi "fungua Makala, bonyeza Mpya" inavumilia matoleo mengi, mshale mwekundu hauvumilii hata moja.

"Kiswahili hakina maneno ya kompyuta"

Kila mara nasikia hii natabasamu. Jamaa wa Joomla matoleo yao wanayapa majina ya Kiswahili, 5.1 inaitwa Kudumisha, 5.2 Uthabiti, 5.3 Uvumilivu. Yani mtu wa Ujerumani anayaandika hayo kwenye kodi bila wasiwasi, alafu wewe wa Newala unaona aibu kuandika "makala" unaandika "atiko".

Maneno mengine kweli yanasumbua na tumebishana sana. Moduli kwa mfano. Katibu mmoja nilimwelezea kwamba ni kile kisanduku kinachokaa pembeni ya ukurasa, kinaweza kuwa na habari mpya, kalenda, tangazo, akasema "aa, kumbe ni kibanda". Kibanda! Pembeni ya barabara, kila kimoja kinauza chake, unaweza kukihamisha ukipenda. Tumeacha neno moduli kwa sababu ndo atakalolikuta akitafuta msaada kwingine, ila kwenye maelezo tunasema ni kama kibanda na hatujawahi kulazimika kueleza mara ya pili. Kategoria tukaiita fungu, kama fungu la dagaa, hiyo haikuhitaji hata kuelezwa.

"Kutangaza ni kuonyesha kwamba WordPress ni takataka"

Vijana wa kikundi walianza kuitangaza Joomla hivyo, na mabango juu, wakiiponda WordPress, programu nyingine ya kuendeshea saiti. Kwanza WordPress imebeba zaidi ya asilimia 40 ya saiti zote duniani na Joomla ipo asilimia chache sana, ukiiponda unajichekesha mwenyewe. Pili ni ndugu yako, nayo ipo chini ya GPL, nayo ilizaliwa 2003 kwa Matt Mullenweg na Mike Little kuchukua kodi ya programu nyingine, b2, iliyokuwa inakosa matunzo, na kuiendeleza. Mteja anayetaka ukurasa wa lodji wenye picha nne na namba ya simu mimi mwenyewe namwambia WordPress inamtosha. Anayetaka watu wengi wenye ngazi tofauti, huyu aandike, huyu apitishe, huyu asome tu, hapo ndo namwonyesha Joomla kwa sababu mambo ya ngazi za ruhusa yamo ndani tayari bila kuongeza plagini (kiongezi cha programu). Tangazo ndo hilo, kumwambia mtu ukweli unaomhusu, na kupokea simu yake wiki tatu baadae.

Alafu kuna hili wengi hawalijui. Vijana haohao walitaka kusajili jina la saiti lenye neno Joomla na Mtwara ndani yake, na fulana zenye nembo ya kuuza, "si programu huria kaka?" Kodi ni huria, jina na nembo siyo. Vyote ni alama ya biashara inayoshikwa na Open Source Matters, na kuvitumia kwenye jina la saiti au bidhaa kuna masharti na maombi ya kupeleka. Fulana wakachapisha zenye maneno ya kwao, "Jumla Kuchele", na kusema kweli zimependeza zaidi.

"Bure maana yake hakuna hela"

GPL haijakataza kuuza. Unalipisha kazi yako, kufunga, kufundisha, kutunza. Na mteja mwambie mapema kwamba hosti (mahali saiti inapokaa mtandaoni) na jina la .or.tz analipia kila mwaka, asije akasema umemtapeli.

"Kodi ipo wazi, wezi wanaingia kirahisi"

Saiti nilizoitwa kuzifufua, hakuna iliyoingiliwa kwa sababu kodi ipo wazi. Ziliingiliwa kwa sababu hazijasasishwa, au mtu kadaunlodi templeti (sura ya saiti) ya kulipia kutoka kwenye saiti za wizi, imeshachomekwa uchafu ndani. Ni kangomba ile, biashara ya korosho ya mlango wa nyuma, unaona umepata kwa rahisi, kipimo unakuja kukijua baadae.

"Bila intaneti nzuri huwezi kujifunza"

Kebo za baharini zilipoharibika Mei 2024 nchi nzima ikawa inasuasua, sisi tuliendelea. Unafunga XAMPP, programu inayoifanya laptopu iendeshe saiti bila mtandao, kwenye laptopu, Joomla yenyewe faili lake halifiki hata MB 50, unaligawa kwa flashi, kila mtu ana saiti yake ndani ya mashine yake na anaiharibu anavyotaka. Intaneti unaihitaji siku ya kupeleka ulichoandika tu. Kinachotushinda ni umeme. Jumamosi iliyopita ulikatika saa nne asubuhi, laptopu sita zikafa moja baada ya nyingine, ikabaki ya yule dada wa stationari ambayo betri yake bado mpya, tukamalizia kupitia kipande cha picha kwenye hiyo hiyo, watu saba tumeizunguka kama wacheza bao.