Bonde la mto: hata shamba la mlimani limo

Mwambie mkulima wa Magu, Tanzania, kwamba shamba lake limo ndani ya bonde la mto, naye atakukatalia: "Mimi nalima mlimani, bonde liko kule chini." Kwa Kiswahili cha kila siku yuko sahihi. Wataalamu wa maji, hata hivyo, wakisema bonde la mto wanamaanisha eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto mmoja: kilele, mteremko, malisho, hata bati la nyumba yako.

Mto Simiyu, unaoingia Ziwa Victoria huko Magu, wakati wa mvua hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni shamba la mtu linasafiri. Penye msitu au kichaka, matawi hupunguza kishindo cha matone, majani makavu hufunika ardhi, na maji huzama polepole kwa kufuata mizizi. Miezi baadaye hutokeza kwenye chemchemi. Ukifyeka, matone hupiga udongo mtupu, unashikana juu kama sakafu, na maji mengi hukimbia siku hiyohiyo. Ndiyo maana mto huohuo hufurika masika na kukaukiwa kiangazi. (Si kila mti unafaa, lakini. Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi huweza kuinywa ikaisha.)

Tope halisafiri peke yake. Fosforasi ya mbolea na samadi hushikamana na chembe za udongo, na ikifika ziwani hulisha mwani na magugumaji. Anayeumia mapema ni ningu, samaki anayepanda mtoni mvua zinapoanza ili akatage. Mayai yakifunikwa na tope hukosa hewa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ukanda huo ukiwa na nyasi na matete huchuja tope kweli, ila maji yaliyokwisha kuchimba korongo kutoka juu hupita katikati yake bila kugusa jani. Kwa hiyo swali linarudi kwa mkulima wetu wa mlimani: matuta yake ameyalaza kukinga mteremko, au yanashuka nao?