Siku ya Matembezi Iachwe Iwe Siku ya Matembezi

Kila shule zinapofungwa huanza kuingia ujumbe ambao maneno yake hayatofautiani sana. "Habari za kazi, dada. Sisi ni familia ya watu watano. Tungependa kuja Jumamosi na watoto, tutembee kidogo na kuwafariji wale watoto wa kituoni, ili na wetu wajifunze kushukuru. Tutakaa kama saa mbili hivi." Kazi yangu ni kuratibu watu wanaojitolea katika shughuli za jamii, na kwa kawaida hujibu ujumbe huo kwa mistari miwili ya upole. Wiki iliyopita umekuja mwingine, neno kwa neno, na upole umeniishia. Nitajibu kwa urefu, mara moja, ili siku nyingine niwe ninatuma kiungo tu.

Imani inayonichosha ni hii: kwamba familia yenye muda mchache, inayotaka kufurahi pamoja na kuisaidia jamii inayoizunguka, itapata mizani kwa kuyaunganisha mambo hayo mawili katika siku moja. Inasikika kuwa busara, na nia ya wanaoishikilia ni njema, sibishani na nia. Ninachobishania ni umiliki wa siku yenyewe. Matembezi ya familia yana mwenyewe, naye ni familia: saa ya kuondoka huamuliwa na usingizi wa mtoto mdogo, mahali pa kwenda huchaguliwa na yule aliyenuna tangu juzi, na mmoja akichoka wote hurudi nyumbani bila kuomba radhi kwa mtu. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Zamu ya kujitolea ina mwenyewe mwingine kabisa, ambaye ni mtu au kazi inayohudumiwa, na hapo usingizi wa mtoto wako si hoja. Ukiyabana yote katika saa mbili za Jumamosi, lazima mmoja wa wenye siku apunjwe, na kwa jinsi nilivyoona, anayepunjwa ni yule ambaye hakuulizwa kama Jumamosi hiyo inamfaa. Mshika mawili moja humponyoka. Hapa kinachoponyoka huwa ni cha mwingine.

Nianze na vituo vya kulelea watoto, kwa kuwa ndivyo vinavyoombwa kuliko kitu kingine chochote, na ndivyo ambavyo mimi, kwa sehemu kubwa, ninakataa kuvitolea nafasi za matembezi.

Wageni wengi huamini kwamba wanakwenda kuwaona mayatima. Ukweli unaojulikana kwa wote wanaofanya kazi hii ni kwamba watoto wengi wanaoishi katika vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kwamba umaskini na ukosefu wa huduma karibu na nyumbani huwapeleka huko mara nyingi zaidi kuliko kifo. Ndiyo maana miongozo ya malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwaka 2009 inasisitiza kwanza kuisaidia familia ibaki na mtoto wake, na ndiyo maana azimio la Baraza hilohilo la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto lilitaja waziwazi madhara yanayoweza kuletwa na safari za kujitolea katika vituo hivyo. Pale wageni wanapokuwa chanzo cha mapato, kuwapo kwa watoto kituoni huwa ni sharti la mapato hayo. Sisemi kila kituo kiko hivyo. Ninasema mgeni wa saa mbili hana njia ya kujua kama hicho chake kiko hivyo.

Lakini hata kituo kikiwa safi kama maji ya mvua, kuna jambo ambalo wageni hulisoma kinyume kila mara. Gari likisimama, mtoto wa miaka minne hivi hukimbia, humkumbatia mama asiyemjua miguuni, huinua mikono abebwe, na pengine humwita mama. Mgeni hulengwalengwa na machozi na kusema, "Ona walivyo na kiu ya upendo, ona tulivyowafaa." Mtoto wa umri huo aliyelelewa na mtu mmoja au wawili wa kudumu hafanyi hivyo, hujificha nyuma ya gauni la mlezi wake, huchungulia, humpima mgeni, kisha labda baada ya nusu saa hukubali kuonyesha gari lake bovu la kuchezea. Kule kukimbilia kila mtu ni alama ya kukosa mlezi wa kudumu. Watafiti waliowafuatilia watoto wa vituo nchini Uingereza tangu miaka ya 1970 waliiandika, na mradi mkubwa wa utafiti wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliiona tena. Katika mradi huo, watoto 136 waliokuwa katika vituo waligawanywa kwa kura, nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi na nusu wakabaki katika malezi ya vituo kama kawaida. Waliokwenda kwa familia, hasa waliokwenda wakiwa wadogo zaidi, walipata nafuu katika mambo mengi, ukiwemo uwezo wa kushikamana na mlezi. Ule urafiki wa haraka kwa wageni ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa magumu kuondoka, na kwa baadhi yao ulibaki hata baada ya kupata familia.

Sasa fikiria maana yake kwa Jumamosi yako. Mtoto ambaye shida yake ni watu wengi kupita katika maisha yake bila kubaki anapewa watu wengine watano watakaopita bila kubaki. Anafundishwa, kwa peremende na puto, kwamba akimkimbilia asiyemjua atalipwa. Unamfundisha hivyo wewe ambaye nyumbani humwambia mwanao asipokee kitu kwa mtu asiyemfahamu. Na huyo mwanao aliyeletwa ajifunze kushukuru amejifunza kwamba kuna watoto wanaotazamwa na watoto wanaotazama, na kwamba yeye yuko upande wa pili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia hizi huondoka siku ya kwanza kabla chai haijapoa, na jembe halijawahi kutoka stoo.

Kuna jambo linalonikosesha raha katika msimamo wangu huu, nami sitalificha. Mlezi mmoja ninayemheshimu, aliyefanya kazi kituoni kwa muda mrefu kuliko mimi, aliniambia kwamba ninaposema watoto wasitembelewe huwa ninazungumza kama mtu anayelala nyumbani kwake. Kwamba mwezi mzima wa siku zinazofanana ni mzito, na kwamba puto hata la saa mbili ni puto. Sina jibu zuri la kumpa. Ninaamini bado kwamba dawa ya siku zinazofanana ni mtu yuleyule anayerudi, lakini sijasahau maneno yake, na kila ninapomkatalia mtu huyasikia.

Kuhusu picha nitasema kifupi: usipige. Watoto wale si wako, idhini huna, na ukurasa wako utaishi vizuri bila wao.

Kosa lililo chini ya yote haya ni kudhani kwamba jamii inahitaji joto la moyo wako, ilhali mara nyingi inahitaji kalenda yako. Mfano ulio wazi kuliko yote ni damu. Seli nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hudumu takriban siku 42, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano hadi saba tu, kwa hiyo damu haiwekwi akiba kama nafaka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani watu walipanga foleni ndefu kutoa damu, kwa moyo wa kweli kabisa, na sehemu ya damu hiyo ilipitwa na muda wake ikatupwa kwa sababu waliojeruhiwa na kufika hospitali wakiwa hai hawakuwa wengi kama ilivyohofiwa. Benki ya damu ingemfurahia zaidi mtu yuleyule mmoja anayerudi kila muda unaoruhusiwa unapotimia, ambao hutofautiana kati ya nchi na nchi, wiki nane pengine, kumi na mbili au zaidi kwingine. Mzazi mmoja hufanya hivyo kwa muda wa saa moja hivi, peke yake, na matembezi ya familia hayaguswi.

Vivyo hivyo kuhusu siku maalumu. Kila tarehe 18 Julai, Siku ya Kimataifa ya Nelson Mandela, watu huombwa kujitolea dakika 67, nami hupokea maombi mengi ya dakika 67 hasa, saa mkononi. Dakika hizo zinasimama badala ya miaka 67 ambayo Mandela aliitumikia jamii. Waombaji wangu wamezishika dakika barabara na miaka wameisahau.

Msomaji mwenye haki atauliza kama basi hakuna kabisa kazi inayofanyika katika matembezi. Ipo, na ingekuwa ukaidi kukana. Usafi wa fukwe unaofanyika duniani kila mwaka ulianza mwaka 1986 katika pwani ya Texas, na tangu mwanzo waliokuja walipewa kadi za kuandika kila walichookota, kwa aina na kwa idadi. Kuhesabu vishungi vya sigara na vifuniko vya chupa ni kazi ambayo mtoto wa miaka minane huifanya kwa uaminifu kuliko baba yake, ambaye akifika hamsini huanza kukadiria. Vioo na sindano mtoto hagusi, humwita mkubwa. Kule Amerika Kaskazini hesabu ya ndege ya wakati wa Krismasi inafanyika tangu mwaka 1900. Mbio za bustanini za kila wiki ziitwazo parkrun, zilizoanza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park mjini London na wakimbiaji 13, huendeshwa na wanaojitolea, na zipo za watoto wa miaka 4 hadi 14 za kilomita mbili Jumapili asubuhi, ambapo mzazi anaweza kusimama kwenye kona kuelekeza njia huku mwanawe akikimbia. Shughuli hizi zinafaa kwa sababu ziliundwa tangu mwanzo zikimhesabu anayekuja na familia yake: ukichelewa au ukiondoka mapema hakuna mtu aliyebaki mlangoni akikungoja. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na sijapata kilicho bora.

Wazazi pia hupenda kuahidi: "Tukimaliza kuokota taka, tunakwenda kuogelea." Hapa mimi husita. Mwaka 2006 wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima aliyeangusha kitu bila kuombwa wala kulipwa, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia walisaidia kidogo baadaye kuliko ambao hawakupewa. Matokeo hayo yananipendeza, na ndiyo sababu ya kuyashuku ninapoyatumia: mtoto wa miezi 20 chumbani kwa watafiti si kijana wa miaka 13 aliyeamshwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nimewaona vijana walioletwa kwa ahadi ya kuogelea wakarudi mwezi uliofuata bila ahadi yoyote, na nimewaona walioletwa kwa mahubiri wasirudi tena. Ushauri wangu, nisioweza kuutetea sana, ni kwamba kuogelea kusitajwe kabla, na kukitokea kutokee tu.

Mpango ninaowapa wanaokubali kunisikiliza hauna mvuto wa kupigwa picha. Mzazi mmoja achukue zamu moja ndogo kila mwezi, siku ileile, aifanye kwa miezi mitatu bila kumleta mtu. Mwenzake abaki na watoto, na mwezi unaofuata wakipenda wabadilishane. Jumamosi zilizobaki ni za familia, ziliwe zote bila hatia. Mtoto aje atakapoomba mwenyewe kujua mama huenda wapi kila Jumamosi ya pili, na apewe kazi ya kweli. Katika stoo ya nguo tunakopokea misaada, kazi hiyo ni viatu. Huletwa vikiwa vimechanganyika kwenye magunia. Unatafuta pacha wa kila kimoja, unatazama soli kama haijapasuka, unafunga kamba za kulia na kushoto pamoja kwa fundo linalofunguka, unaandika namba kwenye utepe wa karatasi na kuubandika kisiginoni. Kiatu kisicho na pacha hakimfai mtu. Msichana wa miaka kumi aliyekuja na shangazi yake alifanya kazi hiyo asubuhi nzima, akaniuliza swali moja tu, kwamba kwa nini watu hutoa kiatu kimoja. Hakuambiwa ashukuru chochote.

Mpango huu una tundu, nami nalijua: umejengwa juu ya nyumba yenye watu wazima wawili. Anayelea peke yake hana wa kubadilishana naye, na Jumamosi yake moja ikichukuliwa hana nyingine. Wengi wao huniandikia kwa unyonge, kana kwamba wana deni. Hawana. Kwa wanaotaka kushiriki hata hivyo, gunia la viatu linaweza kuchukuliwa Jumatatu, likapangwa nyumbani usiku watoto wakiwa wamelala au wakisaidia, na kurudishwa Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, stoo inapofungwa. Utepe na kalamu tunatoa sisi.