Kuku, E. coli na koti la bakteria: maswali ya wafugaji

Ukimpasua kuku aliyekufa kwa kolibasilosi, mara nyingi unakuta moyo na ini vimefunikwa utando mweupe wa manjano, mithili ya ute wa yai ulioanza kuiva. Anayesababisha ni bakteria E. coli. Mengi kati ya madhara yake huanzia nje ya mwili wake, yaani kwenye kile alichokivaa.

E. coli si wapo kwenye utumbo wa kila kuku? Mbona wangu wanakufa?

Wapo, na wengi wao hawana neno. Wanaoua wana vifaa ambavyo wenzao hawana: nyuzi za kunasia, koti la kujifichia na silaha nyingine kadhaa. Maabara huwatambua kwa sukari zilizo juu ya ngozi yao, ndiyo maana kwenye majibu ya vipimo unaona herufi na namba kama O1, O2 au O78. Hayo ni makundi yanayoonekana sana kwa kuku wagonjwa.

Wanaingiaje mwilini?

Zaidi kwa njia ya hewa. Kinyesi kikishakauka kwenye maranda huwa vumbi, na kuku hulivuta. Koo la hewa la kuku mzima lina vinyweleo vinavyofagia uchafu kuupeleka juu mchana na usiku. E. coli ni mdogo mno, ukipanga kama 500 kwenye mstari ndipo unapata milimita moja, lakini mwili wake umeota nyuzi nyembamba mia kadhaa. Ncha za nyuzi hizo hushika sukari iitwayo manosi iliyoko juu ya seli za kuku. Akishashika, kufagiwa kunakuwa kazi.

Ujanja wake ni huu: akifika ndani zaidi anaweza kuacha kuziotesha. Seli za ulinzi za kuku nazo hutumia nyuzi hizo hizo kumkamata, kwa hiyo kilichomsaidia mlangoni kingemponza sebuleni.

Na kinga ya kuku inafanya nini muda huo?

Inapambana, ila adui amejificha. Baadhi yao huvaa koti la sukari liitwalo K1, linalofanana na sukari zilizo kwenye seli za kuku mwenyewe. Mlinzi anaona mtu wa nyumbani, anapita. Chini ya koti kuna utando wenye endotoksini, sumu inayoachiliwa kwa wingi bakteria akifa na kupasuka. Kinga ikiigundua hulipuka kwa hasira: mishipa inavuja, majimaji yenye protini yanaganda juu ya moyo, ini na mifuko ya hewa. Kwa hiyo utando ule uliouona ni alama ya kuku kujitetea kupita kiasi.

Kipindupindu cha kuku nacho ni hivyo hivyo?

Bakteria wake ni mwingine, Pasteurella multocida, yule yule ambaye Louis Pasteur wa Ufaransa alimdhoofisha akatengeneza chanjo mnamo 1880. Wengi wanaoshambulia kuku huvaa koti la asidi ya hayaluroniki. Mshike jogoo upanga wake wa kichwani, ule unene wa kuteleza unaousikia chini ya ngozi umejaa asidi hiyo hiyo. Bakteria amevaa kitambaa cha mwenye nyumba! Hapo kuku anaweza kufa kabla hujaona dalili yoyote.

Taifodi ya kuku je?

Huko ujanja ni kukosa kitu. Bakteria wengi wa jamii ya Salmonella wana mikia ya kuogelea, na utumbo wa kuku una vipokezi vinavyoitambua protini ya mkia na kupiga kengele. Salmonella Gallinarum wa taifodi na Pullorum wa kuhara nyeupe hawana mkia. Wanavuka utumbo kimyakimya hadi kwenye ini na wengu, na Pullorum hasa hufika kwenye mayai, kifaranga akaanguliwa tayari anaumwa.

Kuku walikuwa na mafua, nikawapa amoksilini, hawakupona. Dawa ni feki?

Inawezekana, lakini kwanza shuku bakteria aitwaye Mycoplasma gallisepticum. Amoksilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na huyu hana ukuta kabisa. Ni sawa na kupeleka nyundo ya kubomolea kwenye hema. Dawa kama tailosini hufanya kazi ndani ya seli ya bakteria, ndiyo maana humpata. Mycoplasma naye huharibu vile vinyweleo vya koo, E. coli akaingia nyuma yake. Hivyo mpeleke mzoga mbichi kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua chupa ya pili, na ukitibu uliza siku ngapi mayai yasiliwe.

Chanjo ya E. coli ipo?

Ipo, ila kinga yake huwa nzuri zaidi dhidi ya aina inayofanana na ile iliyotengenezewa chanjo.

Basi bandani nianzie wapi?

Chuchumaa hadi pua yako iwe usawa wa kuku, ukae hapo dakika moja. Macho yakiwasha, gesi ya amonia itokayo kwenye kinyesi imezidi na vinyweleo vya koo viko hatarini: fungua hewa ipite, toa maranda yaliyolowa. Ukisimama wima huwezi kuisikia vizuri, na kuku hawaishi huko juu. Kisha ingiza kidole gumba ndani ya chombo cha maji. Ukikuta utelezi, hao ni bakteria waliojijengea makazi kwa nyuzi na sukari zao, na dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu haipenyi vizuri. Sugua kwanza kwa brashi na sabuni, suuza, ndipo uweke dawa.