Kano za kizazi: inayouma siyo inayobeba

Juzi kliniki kaja dada mmoja, mimba ya wiki 20, kashika kinena upande wa kulia, anasema daktari kila nikigeuka kitandani au nikipiga chafya kuna kitu kinavuta huku ndani mpaka chini kabisa, na bibi yake kashamwambia hilo ni chango. Nikampapasa, mkojo tukapima, mapigo ya mtoto tukasikiliza, kila kitu safi. Hiyo ni kano ya mviringo, mmoja wa mikanda inayokifunga kizazi mahali pake. Inaanzia kona ya juu ya kizazi karibu na pale mrija wa uzazi unapoingia, inapita kwenye upenyo wa kinenani, ule ule wa ngiri, inakwenda kuishia kwenye shavu kubwa la uke, ndo maana maumivu yanashuka mpaka huko na mtu anaona aibu kusema. Geuka taratibu, kunja magoti kwanza, basi. Ila ikija na damu, homa au tumbo kukaza kwa vipindi, usinisome mimi, nenda hospitali.

Kinachonichekesha ni kwamba hii inayopiga kelele wala haibebi mzigo, inakivuta tu kizazi kiinamie mbele juu ya kibofu. Wabebaji wamekamata chini, kwenye shingo ya kizazi: kano za kadinali zinashika kuta za nyonga kulia na kushoto, za yuterosakrali zinarudi nyuma kwenye sakramu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo. Ile kano pana ya kwenye michoro ya kizazi ni shuka tu limefunika.

Hapo kwenye kadinali ndo jasho linatutoka thieta, maana ndani yake mna ateri ya kizazi, mshipa mkubwa wa damu, na chini ya hiyo ateri, kama sentimita 2 hivi kutoka shingo ya kizazi, unapita mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo, ukiuminya kidogo na kibanio unajinyonganyonga kama mnyoo, hapo unajua huu haukatwi!

Na hata hao wabebaji hawako peke yao. Mama akijitwika ndoo, uzito uko kichwani kwenye ngata, mikono inazuia isiyumbe. Ngata ni misuli ya sakafu ya nyonga, mikono ni kano. Ikilegea, iwe kwa uzazi wa mara nyingi, kikohozi kisichoisha, choo kigumu au umri, mikono inabaki na ndoo nzima, na kano si mpira, zikishavutika miaka hazirudi, kizazi kinashuka. Wengi hata hawaumwi, wanakwambia tu jioni nahisi kama nimekalia yai, nikilala linapotea. Mapema tunawapa mazoezi ya kubana misuli ile au pete ya kuvaa ukeni, wengine wanafika operesheni, na tukikitoa kizazi mara nyingi tunaushona uke juu kwenye zile zile yuterosakrali, maana ukiuacha hauna pa kujishikiza nao utateremka.