Usawa wa vinasaba katika miche ya migomba ya tishu

Ukishuka kutoka Uyole kwenda Kyela, kuanzia Kiwira mpaka Tukuyu, mikungu ya ndizi imejipanga kando ya barabara. Kwa desturi mgomba huko hupandwa kwa chipukizi lililong'olewa shinani kwa mama yake, na mara nyingi chipukizi hilo huja na wageni: fukusi, minyoo fundo, hata mnyauko wa Panama. Ndiyo sababu miche ya tishu inapendwa. Maabara huchukua ncha changa ya chipukizi, huisafisha, huikuza ndani ya chupa yenye lishe na homoni, kisha huigawa tena na tena hadi shina moja litoe mamia ya miche.

Usawa wa vinasaba maana yake ni kwamba miche yote hiyo ina vinasaba vilevile vya mama. Kwa mgomba hilo si jambo la kushangaza. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), jumla 33, na hazitoi mbegu, kwa hiyo hakuna baba wa kuchanganya naye. Kinachoharibu ni chupa yenyewe. Homoni zikizidi na ugawaji ukirudiwa mno, baadhi ya seli hubadilika. Katika jamii ya Cavendish kasoro inayojulikana zaidi ni udumavu. Mkulima asiyekagua miche huja kuigundua shambani, mbolea ikiwa imeshaingia ardhini.

Alama za molekuli, yaani sehemu za DNA zinazotumika kulinganisha mimea, hutafuta tofauti hizo mapema; DNA ndiyo kemikali inayobeba vinasaba. Kipande cha jani huchukuliwa, DNA hutolewa, sehemu zake zilizochaguliwa huzidishwa kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), kisha hupitishwa kwenye jeli yenye umeme ili zijitenge kwa urefu. Hutokea mistari. Mstari ukipotea au ukiongezeka, mche huo unatiliwa shaka. Alama hizi zina aina kadhaa. RAPD, iliyoanza kutumika mwaka 1990, ni rahisi, ila majibu yake huyumba kipimo kikirudiwa. ISSR imetulia zaidi. SSR huangalia sehemu ambako herufi chache za DNA hujirudia mfululizo, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuaminiwa kuliko hizo mbili.

Lakini soma majibu kwa makini. Kwanza, uliza miche imelinganishwa na nani. Badiliko likitokea mapema, mizunguko ya mwanzo kabisa ya ugawaji, miche yote hulirithi na mistari yao itafanana vizuri sana, yote ikiwa na kasoro moja. Sampuli ya mama wa shambani lazima iwepo kwenye jeli hiyohiyo. Pili, seti moja ya kromosomu za mgomba ina herufi zipatazo milioni 500, na kipimo hugusa sehemu ndogo tu. Ni sawa na kukagua kitabu kinene kwa kufungua kurasa chache. Tena yapo mabadiliko yasiyogusa herufi kabisa, bali vibandiko vya kemikali vilivyo juu yake, na PCR ya kawaida haivioni. Hivyo "hakuna tofauti iliyoonekana" haimaanishi "hakuna tofauti".

Anayenunua miche aulize pia shina lile liligawanywa mizunguko mingapi, kwa sababu kadiri inavyoongezeka ndivyo hatari inavyopanda. Na kitaluni, kabla ya kupakia, aondoe miche iliyodumaa kuliko wenzake na yenye majani ya mabakamabaka.